Desemba yetu si ya theluji

Katika duka moja mjini Tabora, hatua chache tu kutoka mahali ambapo akina mama hupanga mafungu ya maembe juu ya magunia, ulisimamishwa mti wa plastiki. Ulikuwa mfano wa msonobari wa Ulaya, na matawi yake yalitandazwa pamba nyeupe ili apitaye adhani umeangukiwa na theluji. Nje, mvua ya Desemba ilikuwa imekatika punde. Maji yalikuwa bado yakichuruzika kutoka mabatini, na harufu ya mchanga uliolowa ilikuwa imeujaza mtaa. Mtoto wangu wa miaka sita, niliyekuwa nimemshika mkono, aliutazama mti ule kwa makini, kisha akaniuliza: "Baba, mti huu umeota kuvu?"

Watu waliokuwamo dukani walicheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu niliona kwamba miongoni mwetu sote yeye ndiye aliyekuwa na akili timamu. Alitazama kwa macho yake mwenyewe, akaona kitu cheupe juu ya mti, akakipa jina la kitu cheupe anachokijua. Sisi wakubwa, wenye vyeti vyetu, ndio tuliokuwa tukiona theluji ambayo hatujapata kuikanyaga, na tulikuwa tukiiona kwa macho ya kuazima.

Ndugu msomaji, makala hii haina ugomvi na sikukuu ya mtu yeyote. Tabora ni mji wa Waislamu na Wakristo, na kila mmoja anaijua sikukuu ya jirani yake, hata hula chakula chake. Tena Desemba ni mwezi wa wote: shule zimefungwa, mvua zimeanza, wafanyakazi wengi wamo likizoni, na taifa zima linaikumbuka tarehe 9, siku ambayo mwaka 1961 tulijipatia uhuru wetu. Ugomvi wetu ni na fikra iliyojificha nyuma ya ile pamba. Fikra hiyo inasema kwamba raha ni bidhaa. Kwamba hutengenezwa mbali na kununuliwa kwa bei kubwa. Na kwamba asiye na fedha ya kuinunua hana budi kukaa kwake akiona haya mpaka Januari ifike. Fikra hiyo ni ya uongo, ni kasumba, na inawadhuru wanyonge kuliko inavyowadhuru wenye mali.

Vijana wa mji huu, kwa utani, wameupachika jina la Toronto. Utani si dhambi, na Mnyamwezi hawezi kuishi bila utani. Lakini utani mara nyingi hufichua lililo moyoni. Mji uliojulikana pwani yote kwa jina la Unyanyembe kabla reli haijafika, mji wa mtemi Isike aliyekataa kusalimu amri mbele ya Wajerumani mwaka 1893, mji ambao TANU ilifanyia mkutano wake wa Januari 1958 na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, leo unaonekana na watoto wake kuwa haupendezi mpaka uvalishwe jina la mji wa Kanada wenye barafu. Je, tumefikaje hapa?

HAKUNA PA KWENDA?

Ninaye rafiki, msomi mwenzangu, afanyaye kazi Dar es Salaam. Kila mwisho wa mwaka unapokaribia huwauliza watu wa kwetu swali lile lile: "Likizo Unyamwezini? Mtakwenda kufanya nini huko?" Kwake yeye likizo ni hoteli ya ufukweni, muziki wa kupasua masikio, na nyama choma iliyolipiwa kwa fedha ya mkopo. Akiikosa fedha hiyo hubaki mjini akinung'unika, na mwezi wa Januari humkuta ana deni, au ana kinyongo, au ana vyote viwili. Kwa kuwa ameuliza, na tumjibu.

Tutakwenda kuchuma uyoga. Mvua za Novemba zikishatulia, misitu ya miombo iliyokuwa mikavu na yenye kuungua tangu Agosti huanza kutoa uyoga wa kila namna. Upo ule mkubwa kama sinia unaoota penye vichuguu. Upo wa manjano unaojificha chini ya majani makavu. Upo pia ambao bibi atakupiga mkono usiuguse, kwa maana unaua. Elimu ya kuutambua huu na ule haipatikani katika vitabu vya shule. Hupokewa kwa kutembea msituni alfajiri nyuma ya mtu mzima aliyeipokea naye kwa njia hiyo hiyo. Jioni uyoga huo huungwa kwa karanga zilizotwangwa, ukaliwa kwa ugali. Rafiki yangu alipe fedha kiasi gani ili mpishi wa hotelini amwandalie mboga kama hiyo?

Tutakwenda kukamata kumbikumbi. Usiku unaofuata mvua kubwa, mtu huweka taa nje na beseni la maji chini yake, na watoto wa nyumba tatu au nne hukusanyika bila kualikwa. Hakuna kiingilio. Kelele zao huwa kubwa kuliko za disko lolote, na asubuhi kuna kitoweo cha kukaanga.

Tutakwenda kula maembe chini ya mwembe, si chini ya feni. Tutatafuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo watu wa Unyamwezi na Usukuma hujiwekea akiba. Tutacheza bao na wazee barazani, nao watatufunga bila huruma huku wakituuliza shahada zetu za chuo kikuu zinatufundisha nini kama hatuwezi kuhesabu kete. Tutatembea kwa miguu mpaka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, tukaitazame tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, na njiani watoto watauliza maswali ambayo hawayaulizi wakiwa mbele ya televisheni.

Tena tutapanda vilima. Mkoa wa Tabora hauna mlima wa kujivunia kwa urefu. Nchi yenyewe ni uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na juu ya uwanda huo yamekaa majabali na vilima vya mawe, kana kwamba mtu alikuwa akijenga akaitwa kula. Lakini uwanda huo ndio unaokipa kilima thamani. Mtoto wa miaka sita hupanda kilima cha namna hiyo kwa nusu saa, na akifika juu huona mvua ikitembea. Huiona ikitoka mbali kama pazia la kijivu, ikiukumba msitu, ikiufuta mstari wa miti, ikija. Huhesabu, kisha huteremka akikimbia, na huloa akicheka kabla hajafika nyumbani. Haya hayauzwi popote, na kwa hiyo hayatangazwi popote. Ndiyo maana rafiki yangu hakuyasikia.

WAPAGAZI NA DESEMBA

Huenda wako watakaosema kwamba kurudi nyumbani mwezi wa Desemba ni mtindo wa juzi, tuliouiga kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro ambao kila mwaka hujaza mabasi na magari katika njia ya Moshi. Ndugu zetu hao tunawapongeza, kwa maana hawajaona haya kurudi migombani kwao mlimani. Lakini historia ya njia ya misafara inatufundisha kwamba desturi hii ni ya kwetu pia, tena ni ya zamani.

Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, toka bara hadi pwani na toka pwani hadi bara. Alisafiri kiangazi. Mvua zilipokaribia alitaka kuwa kwake, kwa sababu alikuwa mkulima kabla ya kuwa mpagazi, na jembe lilikuwa likimsubiri. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Wapagazi wao walipoikanyaga nchi yao walitawanyika kwenda makwao, na wageni wale wakakaa hapo zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea na safari ya Ujiji. Hakuna aliyemwandikia mpagazi yule hati ya likizo. Alijipa mwenyewe. Alikuwa na mshahara wake wa nguo na shanga, alikuwa na shamba, alikuwa na mke na watoto, na mvua ilikuwa imenyesha. Mtu gani mwenye akili angeendelea kubeba mzigo wa mwingine?

Hatuipambi njia hiyo. Njia iliyopitwa na mpagazi wa ujira ndiyo iliyopitwa na mtumwa katika mnyororo, na mwaka 2006 nchi yetu ilipoipendekeza kwa UNESCO ili iingie katika urithi wa dunia iliiita kwa haki yake njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Lakini ndani ya dhuluma ile kubwa mnyonge alijihifadhia kitu kimoja ambacho tajiri wa msafara hakuweza kukinunua, nacho ni msimu wa mvua nyumbani. Mjukuu wake leo ana ajira yenye mkataba, naye anauachia msimu huo uende bure kwa kuogopa kuitwa mshamba.

KARAMU YA UJIJI

Wala tusidhani kwamba ugonjwa wa kuagiza Desemba ya watu wengine ulianza na plastiki. Mwaka 1871, mwishoni mwa njia hiyo hiyo, Henry Stanley na David Livingstone waliipata Krismasi wakiwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Stanley ameieleza siku hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata. Homa ilikuwa imemwacha usiku uliotangulia, na mwili wake ulikuwa dhaifu; hata hivyo aliamka asubuhi akamhutubia mpishi wake, aliyeitwa Ferajji, juu ya ukubwa wa siku hiyo kwa wazungu, akamtaka aandae karamu ya Kiingereza. Soko la Ujiji halikumnyima kitu. Palipatikana kondoo wanono, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi, samaki, vitunguu na viazi vitamu. Lakini nyama iliharibika motoni, kastadi ikaungua, na karamu ikavunjika. Stanley anakiri kwamba kilichomwokoa mpishi na kipigo ni udhaifu wa mkono wake mwenyewe. Matusi aliyomwandikia hayastahili kurudiwa katika gazeti hili. Lakini jambo moja hakulificha: Ferajji alicheka tu, na bwana wake aliamini kwamba ndiye aliyevila baadaye vyakula vile vilivyoharibika.

Tulitafakari tukio hilo. Palikuwa na soko lililojaa, ziwa lililojaa samaki, na watu wa Ujiji waliojua kupika kila kilichokuwamo sokoni humo. Chakula hakikupungua. Kilichokosekana ni kukubali kwamba hapo palikuwa Ujiji. Mabwana wawili walikaa mbele ya neema ile wakiililia meza ya Uingereza, na katika watatu hao aliyefurahia sikukuu ni yule mpishi aliyekula alichokijua akacheka. Sasa tujiulize: katika Tabora ya leo, sisi tunakaa upande wa nani? Tunakaa upande wa Ferajji anayecheka, au upande wa bwana mwenye homa anayekasirika kwa sababu Unyanyembe si London?

Kwa upande wa theluji, nchi yetu inayo ya kweli, nayo iko juu ya Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifika kwenye kilele hicho. Hakwenda kuchukua theluji atuletee madukani. Alipeleka moto. Aliuwasha Mwenge wa Uhuru juu ya mlima, na kilele kile tukakiita Uhuru. Hiyo ndiyo Desemba ya mlimani iliyo yetu. Taifa lililopeleka moto kwenye theluji haliwezi, baada ya zaidi ya miaka sitini, kujipaka pamba na kujidai linaona baridi.

WALANGUZI NA SHOKA

Lakini haitoshi kulaumu fikra peke yake. Fikra mbaya huwa na watu wanaonufaika nayo, na raha ya mnyonge ina maadui wanaoonekana kwa macho.

Wa kwanza ni mlanguzi wa tiketi. Kila Desemba tunamwona katika vituo vya mabasi. Nauli halali imepangwa na mamlaka husika na kubandikwa ukutani, lakini mlanguzi anayo nauli yake aliyoibandika moyoni mwake. Mfanyakazi mwenye mke na watoto watatu, anapotakiwa kulipa zaidi ya nauli halali kwa kila kiti, huahirisha safari. Na safari iliyoahirishwa miaka mitano humzaa mtoto asiyejua jina la babu yake. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilijengwa na mkoloni ili achukue mali. Sisi tuliigeuza ikawa njia ya kurudi nyumbani, yenye kuku wa Saranda dirishani na soga mpaka usiku wa manane. Reli mpya, ambayo tangu mwaka 2024 imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inajengwa kuelekea Tabora. Itakapofika, kipimo chake kisiwe mwendo peke yake. Kiwe pia hiki: je, tarishi na mwalimu wa shule ya msingi wataweza kuipanda mwezi wa Desemba wakiwa na watoto wao?

Wa pili ni mwajiri anayeiona likizo kuwa zawadi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa mwaka. Siku hizo si fadhila. Hata hivyo wako wafanyakazi, hasa wa majumbani na madukani, ambao hawajapata kuambiwa kwamba haki hiyo ipo. Msichana wa Sikonge anayelea watoto wa watu mjini anaona Desemba kumi zikipita, akipika pilau ya sikukuu za wengine. Wanaomwajiri wengi wao ni wasomi, na baadhi yao ni viongozi. Hapo nasi tujitazame katika kioo.

Wa tatu ni sisi wazazi tunaowanyang'anya watoto likizo kwa jina la elimu. Shule zinafungwa leo, kesho mtoto anapelekwa masomo ya ziada, na anasoma mpaka siku moja kabla ya sikukuu. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ililaumu shule inayomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Tumeisahau. Mtoto asiyejua kuutofautisha uyoga wa kula na uyoga wa sumu, hata akipata alama zote za sayansi, amekosa somo ambalo bibi yake angemfundisha bure.

Wa nne, na mbaya kuliko wote, ni shoka. Raha zote nilizozieleza zinaota juu ya msitu. Msitu ukifyekwa, uyoga hauoti, nyuki wanahama, mto unakauka, na kilima kinabaki upara. Urambo palipata kufyekwa na mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na mradi wenyewe ukaachwa mwaka 1951. Baada yake ilikuja tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni miombo. Simlaumu mkulima wa tumbaku. Ana watoto wa kusomesha, na bei hapangi yeye. Lakini gharama ya ule moto haiandikwi katika hesabu ya kampuni inayonunua jani. Anailipa bibi anayetembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta uyoga na kuni, na mjukuu atakayeambiwa kwamba zamani hapa palikuwa na msitu. Ongeza mchoma mkaa, ongeza mpasua kokoto, ongeza na yule mwenye nyumba mpya anayekata mwembe wa miaka mingi kwa sababu majani yake yanachafua ua. Miembe mikuu ya njia ya misafara, ambayo wazee husimulia kwamba iliota kutokana na kokwa za wasafiri, ilimpa kivuli mpagazi na mtumwa. Inamwangusha nani leo? Inaangushwa na mtu huru, mwenye msumeno wa petroli.

TUSIDANGANYANE

Najua nitakavyojibiwa. Mtu ataniambia: "Ndugu mwandishi, wewe unapamba umaskini. Desemba kijijini si raha. Ghala limepungua, mavuno mapya ni mbali, watu wako mashambani mvua inawapiga. Wewe unakwenda wiki mbili, unakula uyoga, unarudi mjini kuandika."

Hoja hiyo ina ukweli, na haifai kuipita kimya. Ni kweli kwamba Desemba ni mwezi wa jasho. Mahindi na karanga hupandwa na kupaliliwa, miche ya tumbaku huhamishiwa shambani, na chakula cha akiba huliwa kwa hesabu. Kwa hiyo anayerudi nyumbani mikono mitupu, akakaa kitini chini ya mwembe akisubiri kupikiwa, huyo hakwenda likizo, amekwenda kunyonya. Mwalimu alikuwa Rais wa nchi, na kila alipopata nafasi alikwenda Butiama akashika jembe. Sisi makarani na waandishi tumekuwa wakubwa kuliko yeye? Aje nyumbani mtu na gunia la unga au fedha ya mbolea, na asubuhi ashike mpini. Raha ninayoisema mimi inaanza pale jembe linapowekwa chini, mwili umechoka na roho imetulia. Wapagazi waliijua. Haijapata kuwa raha ya mvivu.

Na hapo lipo jambo ambalo sisi wanaume hatulipendi kulisikia. Katika nyumba nyingi Desemba ya baba ni mapumziko, na Desemba ya mama ni kazi maradufu. Wageni wanaongezeka, sufuria zinaongezeka, kuni zinaongezeka, shamba halijapungua. Baba yuko kwenye bao. Kama tunasema raha ya nyumbani ni mali ya umma, basi haiwezi kuwa mali ya nusu ya umma. Mwanamume aliyepanda kilima na watoto asubuhi achote maji jioni. Hatapungukiwa na heshima, bao litamsubiri.

Wala sisemi kwamba umaskini ni mtamu. Kijiji kinahitaji zahanati, maji ya bomba na umeme, na ni wajibu wa Chama chetu na Serikali yake kuvifikisha. Ninachokikataa ni hesabu ya uongo inayosema kwamba kwa kuwa mnyonge hana hoteli, hana chochote. Anacho. Na kwa sababu hakimo katika hesabu, kinaibwa mchana kweupe na hakuna anayekwenda polisi.

TUFANYEJE?

Yanayotakiwa si mengi. Nauli halali ya Desemba isimamiwe kwa vitendo, na mlanguzi wa tiketi afikishwe mbele ya sheria kama mwizi mwingine yeyote. Vyama vya wafanyakazi viwatafute wafanyakazi wa majumbani huko huko walipo, viwaambie kuhusu siku zao 28. Watoto waachiwe likizo yao. Halmashauri zetu za magharibi ziihesabu miembe ya kale mmoja mmoja, ziiwekee alama, na anayeuangusha bila kibali alipe. Vilima vilivyo karibu na miji vitengwe viwe mali ya wote, visipasuliwe kokoto wala kugawiwa viwanja kwa wenye nafasi. Anayenunua jani la tumbaku alipe bei inayouhesabu na msitu.

Tena matawi ya Chama yanaweza kuanza bila kusubiri bajeti. Desemba ndiyo wakati wa kupanda, udongo umelowa. Kila familia itakayokula maembe mwezi huo izike kokwa moja mahali penye nafasi, na mtoto wa nyumba hiyo aukabidhiwe mche. Wasafiri wa misafara, tunaambiwa, walitupa kokwa bila kukusudia wakatuachia vivuli vya zaidi ya miaka mia moja. Sisi wenye elimu na uhuru tumeshindwa kufanya kwa kukusudia kile walichokifanya kwa bahati?

Siku ile nilimtoa mwanangu dukani. Nilimwambia kwamba ndiyo, mti ule ulikuwa na kasoro, twende tukautazame mzima. Tulipita kwa akina mama tukanunua fungu la maembe, tukayala tumesimama chini ya mwembe wa barabarani huku matone ya mvua yaliyobaki majanini yakitudondokea shingoni. Kokwa aliing'ang'ania mpaka nyumbani, na jioni aliifukia uani karibu na ukuta. Ikiota, nitamwambia mwenye nyumba asiing'oe.